Injini Ndogo, Rekodi Kubwa: Vinara wa Pikipiki za Spoti za Zamani

Sura ya pikipiki inakwambia umri wake kabla hujauliza. Tangi jembamba lililobonyea pembeni ili magoti yaingie, usukani ulioshushwa chini, kiti cha mtu mmoja chenye nundu nyuma: hiyo ni ya miaka ya 1960. Fremu nene ya aluminiamu na kava lenye rangi za timu za mbio: miaka ya 1980. Waridi na zambarau zikipita juu ya weupe: karibu na 1990. Mitindo hiyo imepitwa na wakati, na bado pikipiki hizi ndogo zinatafutwa, zinafufuliwa na kupendwa na watu ambao wengine walikuwa hawajazaliwa zilipotoka kiwandani.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hizi si mikakasi. Sura zao za kizamani zina sababu zake: ushindi uliotafutwa mbioni, sheria iliyotakiwa kutiiwa, au mhandisi aliyepewa injini ndogo na kuambiwa ashindane na dunia. Ninaowaweka hapa, kwa mpangilio wa miaka, ni vinara: kila mmoja alishika nafasi ya kwanza kwa jambo lake, na kila mmoja aliacha alama kwenye umbo la pikipiki.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana kipimo chake tayari. Bodaboda ya cc 150 inayombeba kila siku hutoa nguvu za farasi zipatazo 12, na inazitoa kwa uaminifu. Aikumbuke namba hiyo anaposoma.

Umbo la ajabu kuliko yote: NSU ya Baumm, 1956

Mjerumani Gustav Adolf Baumm aliamini kwamba injini ndogo ikiondolewa mzigo wa upepo itakwenda mwendo wa injini kubwa. Akamlaza mwendeshaji chali, miguu ikitangulia, ndani ya ganda la bati lililochongoka mbele na nyuma, injini ikikaa nyuma ya mgongo. Baumm alifariki mwaka 1955 akifanya majaribio katika uwanja wa Nürburgring, lakini kiwanda cha NSU kililipeleka wazo lake hadi uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah, Marekani. Huko, mwaka 1956, H. P. Müller, bingwa wa dunia wa cc 250 wa mwaka uliotangulia, alifikisha kilomita 196 kwa saa kwa injini ya cc 50, na kilomita 242 kwa injini ya cc 125.

Wakati huo hata pikipiki za kawaida za mbio zilivaa kava lililofunika gurudumu lote la mbele. Upepo wa ubavuni uliziyumbisha, na mwisho wa msimu wa 1957 shirikisho la kimataifa la pikipiki, FIM, likayapiga marufuku makava hayo. Tangu hapo gurudumu la mbele la pikipiki ya mbio liko wazi. Sura tunayoiona leo kuwa ya kawaida ilitokana na katazo hilo.

Sura ya kizamani kuliko zote: Honda CB92, 1959

Ukitaka kujua maana ya mtindo uliopitwa na wakati ukapendeza, anza na hii. Taa yake ya mbele ina pembe nne zilizolainishwa, na spidimita imezama juu ya taa hiyo hiyo. Fremu na mikono ya gurudumu la mbele ni bati lililokandamizwa kwa mashine, si mabomba. Tangi lina mipira mikubwa ya kuegemeza magoti, na juu ya taa kuna kioo kidogo cha kukata upepo. Mistari hiyo mikavu yenye kona inatokana na pikipiki ya Dream C70 ya mwaka 1957, ambayo Soichiro Honda aliitaka ibebe kitu cha Kijapani badala ya kuiga Ulaya. Akachukua mfano kutoka kwenye mahekalu ya nchi yake.

Ndani ya sura hiyo mlikuwa na injini ya cc 125, silinda mbili, iliyotoa nguvu za farasi 15 kwa mizunguko 10,500 kwa dakika. Mwaka huo wa 1959, kwenye mbio za Asama zilizokimbiwa chini ya volkano, kijana Moriyasu Kitano, ambaye hakuwa wa timu ya kiwanda, alishinda kwa CB92 ya kuuzwa madukani na kuwaacha nyuma waendeshaji wa Honda wenyewe waliokuwa na pikipiki maalumu za mbio.

Mwaka huo huo Honda ilikwenda kwa mara ya kwanza kwenye mbio za TT katika kisiwa cha Isle of Man. Aliyefanya vizuri zaidi kati ya waendeshaji wake, Naomi Taniguchi, alimaliza wa sita katika cc 125, na wenyeji wengi hawakuona cha kuhofia. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Mwaka 1961 Honda ilizoa nafasi tano za kwanza katika cc 125 na tano za kwanza katika cc 250 kisiwani humo humo, na mshindi wa mbio zote mbili alikuwa Mwingereza Mike Hailwood.

Ya cc 250 iliyovuka mpaka wa heshima: Ducati Mach 1, 1964

Waendeshaji wa Ulaya walikuwa na mpaka wao: maili 100 kwa saa, sawa na kilomita 161. Kwa kawaida kuufikia kulihitaji injini kubwa. Mach 1 inatajwa kuwa pikipiki ya kwanza ya cc 250 ya kuuzwa madukani iliyoweza kuuvuka, ikiwa na silinda moja tu na gia tano.

Mhandisi wake, Fabio Taglioni, aliendesha valvu kwa shafti iliyosimama wima ubavuni mwa silinda, ikizungushwa na gia za pembe. Nyumba ya shafti hiyo inaonekana wazi upande wa kulia wa injini, imesimama kama mnara mwembamba wa aluminiamu, na ndiyo iliyoifanya pikipiki nzima ionekane kama kazi ya sonara. Vikanyagio vilirudishwa nyuma, usukani ukashushwa, tangi likarefushwa ili mwendeshaji alale juu yake. Hakuna pambo hapo. Ukiondoa kitu kimoja, mwendo unapungua. Kwa macho yangu, hii ndiyo pikipiki ndogo nzuri kuliko zote zilizopata kuuzwa kwa mtu wa kawaida.

Injini iliyozunguka kwa kasi kuliko zote: Honda RC116, 1966

Chukua cc 50, uzigawe mara mbili. Kila silinda ya RC116 ilikuwa na ujazo wa cc 25, yaani mafuta ya kupikia ya kujaza vijiko viwili vya mezani hayaenei humo. Pistoni yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 35.5, ikipanda na kushuka milimita 25 tu. Kila silinda ilikuwa na valvu nne. Kilele cha nguvu zake kilifikiwa kwenye mizunguko 21,500 kwa dakika, zaidi ya mara 350 kwa sekunde moja, na hapo ilitoa nguvu za farasi 14: kuipita ile bodaboda yetu ya cc 150, kwa theluthi moja ya ujazo.

Kwa nini kuzungusha hivyo? Injini ya mipigo minne huwaka mara moja katika kila mizunguko miwili. Ile ya mipigo miwili, inayochanganya petroli na oili, huwaka kila mzunguko. Wapinzani wa Honda walitumia ya mipigo miwili. Soichiro Honda alikataa kuwafuata, kwa hiyo wahandisi wake walibaki na njia moja ya kuziba pengo: kuizungusha injini kwa kasi zaidi, na ili isivunjike, kuigawa katika silinda ndogo zaidi zenye pistoni nyepesi zaidi.

Njia hiyo iliwafikisha kwenye RC149, injini ya cc 125 yenye silinda tano, iliyotoa nguvu za farasi 34 kwa mizunguko 20,500. Mswisi Luigi Taveri aliipanda akawa bingwa wa dunia wa cc 125 mwaka 1966. Mwaka huo Honda ilitwaa ubingwa wa watengenezaji katika madaraja yote matano, kuanzia cc 50 hadi 500.

Sura zake? Wembamba uliopitiliza. Pikipiki za mbio za cc 50 za Honda za miaka hiyo zilikuwa nyembamba na nyepesi kiasi kwamba baadhi zilifungwa breki za mbele za kubana rimu, za aina ile ile ya baiskeli.

Sauti kuu kuliko zote: Honda RC166, 1966

Silinda sita zimepangwa kwa safu ndani ya pikipiki ya cc 250. Valvu 24. Gia saba. Mabomba sita ya moshi, matatu kila upande, yote wazi. Nguvu za farasi zaidi ya 60 kwa mizunguko 18,000. Sauti yake ilikuwa mlio mkali unaopanda kama tarumbeta ya jeshi, na rekodi zilizohifadhiwa bado zinamfanya msikilizaji anyamaze.

Aliyesimamia uchoraji wa injini hizi alikuwa Shoichiro Irimajiri, mhandisi kijana ambaye baadaye aliileta barabarani CBX ya silinda sita ya mwaka 1978. Mike Hailwood aliipanda RC166 akashinda mbio 10 kati ya 12 za msimu wa 1966, akatwaa ubingwa wa dunia, kisha akautwaa tena mwaka 1967. Baada ya msimu huo Honda ilijiondoa kwenye mashindano. Kwa pikipiki ya mbio ya ujazo mdogo, sijaona iliyoipita hii.

Gia nyingi kuliko zote: Suzuki RK67, 1967

Suzuki waliikaba Honda kwa njia ya pili. Injini yao ya cc 50, silinda mbili, mipigo miwili, ilitoa nguvu za farasi zaidi ya 17, lakini nguvu hizo zilipatikana katika upenyo mwembamba sana wa mizunguko. Ikishuka kidogo tu, injini inakata tamaa. Dawa ikawa gia 14. Mjerumani Hans-Georg Anscheidt, aliyekuwa akibadilisha gia karibu bila kupumzika, alikuwa bingwa wa dunia wa cc 50 mwaka 1966, 1967 na 1968.

FIM iliona gharama zinapanda kupita kiasi. Kuanzia 1969 pikipiki za cc 50 ziliruhusiwa silinda moja na gia sita tu, na mwaka uliofuata madaraja ya cc 125 na 250 yakawekewa mpaka wa silinda mbili. Rekodi ya gia 14 haiwezi kuvunjwa tena mbioni. Sheria imeifungia kabatini.

Ya vijana kuliko zote: Yamaha FS1-E, 1973

Mwaka 1971 serikali ya Uingereza iliamua kwamba kijana wa miaka 16 asiendeshe zaidi ya cc 50, tena chombo chenye pedali. Yamaha ikaitikia kwa FS1-E: pikipiki ndogo ya spoti kwa kila hali, iliyopachikwa pedali ili itimize sheria. Ilifika takriban kilomita 70 kwa saa. Rangi yake ya zambarau iliyong'aa imebaki kichwani mwa kizazi kizima cha Waingereza. Mwaka 1977 sheria ikabadilishwa tena, na vyombo vipya vya aina hiyo vikafungiwa kwenye maili 30 kwa saa. Ndiyo maana FS1-E za kabla ya hapo zinatafutwa leo kwa bidii.

Silinda nne katika ujazo mdogo kuliko zote: Benelli 254, miaka ya 1970

Kiwanda cha Benelli, chini ya Alejandro de Tomaso, kilitengeneza pikipiki ya barabarani ya silinda nne yenye cc 231 tu. Haikuwa na haraka ya kutisha, na silinda mbili zingetosha kwa kazi hiyo. Ilitengenezwa ili ionekane na isikike. Mwili wake ni mistari iliyonyooka na kona kali, mtindo wa Italia wa muongo ule, na mita zake zimelazwa juu ya tangi badala ya kusimama mbele ya usukani. Nani angeiona leo asijue ni ya lini? Huo ndio mvuto wake wote.

Iliyobadilisha sura za nyingine zote: Suzuki RG250 Gamma, 1983

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Japani ilikuwa soko la pikipiki lililochemka. Honda na Yamaha walikuwa katika vita vya kibiashara, wakitoa modeli mpya kila kukicha. Sheria nazo zilielekeza nguvu kwenye injini ndogo: leseni iliyopatikana kwa urahisi iliishia cc 400, na pikipiki isiyozidi cc 250 haikulazimika kupita ukaguzi wa lazima wenye gharama kubwa. Kijana wa Tokyo aliyetaka kasi aliitafuta humo.

Suzuki, iliyokuwa imetoka kushinda ubingwa wa dunia wa cc 500 na Marco Lucchinelli mwaka 1981 na Franco Uncini mwaka 1982, ikaleta barabarani nakala ndogo ya pikipiki hiyo. RG250 Gamma ilikuwa ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa na fremu ya aluminiamu. Ilitoa nguvu za farasi 45 na uzito wake bila mafuta ulikuwa kilo 131. Mabomba ya pembe nne ya fremu hiyo yalionekana wazi chini ya tangi, na kava lake la mbele lilikuja wakati Japani ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuruhusu makava ya aina hiyo barabarani.

Kuanzia hapo mnunuzi hakutaka pikipiki inayofanana na pikipiki. Alitaka inayofanana na ile ya bingwa aliyemwona mbioni. Honda NSR250R ilipakwa rangi za Rothmans. Yamaha TZR250 ilifuata mkondo huo. Rangi hizo ni matangazo ya sigara ambayo leo yamepigwa marufuku katika mashindano, na ndiyo sababu mojawapo kwamba sura ile haiwezi kurudi.

Mstari mwekundu wa juu kuliko wote barabarani: Honda CBR250RR, 1990

Kile ambacho RC166 ilikifanya mbioni kwa silinda sita, muongo wa 1980 ulikileta karibu na mnunuzi wa kawaida kwa silinda nne. CBR250RR ilitoa nguvu za farasi 45 kwa mizunguko 15,000, na mstari mwekundu wa mita yake ya mizunguko ulianzia 19,000. Mpinzani wake, Kawasaki ZXR250, alisimama kwenye kiwango hicho hicho, akiwa na mabomba mawili ya hewa yanayotoka kwenye kava na kupenya katika tangi. Kamshafti za Honda ziliendeshwa kwa gia badala ya cheni, na gia hizo zina mlio wao wa pekee.

Mbona zote zilikuwa na nguvu za farasi 45? Viwanda vya Japani vilikubaliana visizidi hapo kwa cc 250. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzidi mwenzake kwa nguvu, ushindani ulihamia kwenye mizunguko, sauti, fremu na rangi. Makubaliano ya kujizuia ndiyo yaliyozaa anasa hii ya ufundi.

Inayofanana zaidi na kaka yake mkubwa: Cagiva Mito Evo, 1994

Italia iliwaruhusu vijana wa miaka 16 kuendesha cc 125, na viwanda vyake viliwatengenezea pikipiki zisizo na mzaha. Cagiva Mito ya mwaka 1990 ilikuwa na gia saba, idadi adimu kwa pikipiki ya barabarani. Mwaka 1994 Massimo Tamburini akaivika sura ya Ducati 916, pikipiki ambayo yeye mwenyewe aliichora: macho mawili membamba, mkia uliochongoka. Iliwezekana kwa sababu Cagiva, kampuni ya ndugu wa Castiglioni, ilikuwa imeinunua Ducati mwaka 1985. Valentino Rossi alianza mbio za pikipiki kubwa akiwa juu ya Mito, na mwaka 1994 alikuwa bingwa wa Italia wa daraja la cc 125 la Sport Production.

Waliozipanda: rekodi za watu

Mhispania Ángel Nieto alitwaa ubingwa wa dunia mara 13, sita katika cc 50 na saba katika cc 125, na mbio zote 90 alizoshinda zilikuwa za injini ndogo. Kwa kuogopa nuksi ya namba 13, yeye alihesabu 12 na moja. Mwitalia Loris Capirossi alikuwa bingwa wa cc 125 mwaka 1990 akiwa na miaka 17 na siku 165. Mwaka 2021 Pedro Acosta wa Hispania alishinda Moto3, daraja lililochukua nafasi ya cc 125, akiwa na miaka 17 na siku 166. Aliikosa rekodi ya Capirossi ya bingwa mwenye umri mdogo kuliko wote kwa siku moja.

Hukumu, na ombi

Nikiulizwa nani kinara wa vinara, jibu langu ni Honda RC166 kwa ufundi na Ducati Mach 1 kwa sura. Zote mbili zinathibitisha jambo moja: ujazo mdogo haukuwanyima wahandisi nafasi, uliwalazimisha kufikiri. Sura zao zinaonekana za zamani kwa sababu zilitengenezwa kujibu maswali ya wakati wao, na yalijibiwa kwa ukamilifu. Pikipiki inayojaribu kumpendeza kila mtu haiwezi kuzeeka hivi.

Katika nyumba na gereji za Afrika Mashariki zipo Honda, Yamaha na Suzuki ndogo za miaka ya nyuma, zimeegemea ukuta zikisubiri mnunuzi wa chuma chakavu. Nyingi hazikuvunja rekodi yoyote, lakini zimetoka katika viwanda hivyo hivyo na mikono ya kizazi hicho hicho. Kama unayo moja, usikimbilie kuipaka rangi mpya wala kuibadilishia tangi kwa la kisasa. Hifadhi tangi lake, nembo zake, mita zake na bomba lake la moshi hata kama vimechoka, kwa sababu pistoni na cheni hupatikana dukani, ila hivyo vikishatupwa havirudi. Itafutie fundi mzee anayejua kabureta, na kijana wa kujifunza kutoka kwake.